Je, wajua kwa nini tumbo linaendelea kuuma hata labo ikisema umepona?

Hapa Goma mtu akishikwa na tumbo, neno la kwanza ni amiba. Anaenda labo, anapima choo, anapewa dawa, anapona. Jirani yangu wa Majengo alipita njia hiyo hiyo. Kuhara kuliisha ndani ya juma moja, maumivu yakabaki. Kila akila maharage au akinywa chai ya maziwa, tumbo linajaa na kusokota, anainama kwenye kiti chake kidogo mbele ya mlango mpaka lipoe. Mara tatu alirudi labo: hakuna kitu. Mara ya nne akaambiwa ni mawazo tu. Neno hilo lilimchoma kuliko tumbo lenyewe, na si la kweli.

Ukuta wa utumbo umejaa neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazopeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo. Neva hizo zina tabia zake. Kisu hazikijali sana, lakini utumbo ukivutwa au ukijaa hewa, zinapiga kelele. Tena hazijui kuonyesha mahali barabara: ugonjwa wa kidole tumbo huanza kuuma karibu na kitovu, kisha maumivu yanahamia chini upande wa kuume.

Sasa chukua pilipili, ile ndogo kali tunayolia sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Inaunguza, na ukigusa ulimi hakuna moto. Mwaka 1997 watafiti wa maabara ya David Julius, kule San Francisco, waliupata mlango mdogo kwenye neva ambao pilipili inaufungua. Ni mlango uleule unaofunguliwa na joto la kama digrii 43, kwa hiyo ubongo unaletewa habari ya kuungua. Julius alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Milango hiyo haiko mdomoni tu. Iko kwenye neva za njia yote ya chakula hadi mwisho wake, na aliyezidisha pilipili jana usiku anajua asubuhi yake.

Hapo ndipo habari ya jirani yangu inapoingia. Katika kila watu kumi wanaougua maambukizi ya tumbo, karibu mmoja hubaki na maumivu ya aina hii baada ya vijidudu kwisha. Mwaka 2021 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha njia mojawapo. Waliwapa panya chakula fulani wakati utumbo wao una maambukizi. Panya walipopona, chakula kilekile kiliwaletea maumivu: kinga ya mwili, palepale kwenye utumbo, ilikuwa imekiandika kama adui. Kila kikipita, seli za kinga zinamwaga histamini, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe na muwasho, nayo inazinoa neva, na ile milango ya pilipili inafunguka kwa kitu kidogo tu. Kisha wakadunga ngano, maziwa na soya kidogo kwenye utando wa utumbo wa wagonjwa 12 wenye maumivu ya namna hiyo. Wote 12 walionyesha alama ya kuvimba mahali hapo.

Basi kwa nini tusizizime neva hizo? Kwa sababu ni walinzi pia. Kwa panya imeonekana kwamba ndizo zinazoamuru utando utoe ute unaoukinga utumbo; zikiondolewa, ute unapungua na utumbo unaumia kirahisi. Tiba nzuri inazituliza bila kuziua. Dawa za kuzuia histamini zinajaribiwa. Amitriptilini, dawa ya zamani ya huzuni kubwa, ikitolewa kwa kipimo kidogo inapunguza maumivu. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2023 ulithibitisha hivyo. Ni ya kuandikiwa na daktari, si ya kuokota famasi. Kurudia dawa ya amiba mwezi kwa mwezi wakati amiba haipo hakuzitulizi neva, na ninasikitika kuona pesa ya chakula cha watoto ikienda huko.

Damu kwenye choo, homa, kukonda bila sababu, au maumivu yanayokuamsha usiku ni mambo mengine. Hayo ni ya hospitali, na upesi.

Jirani yangu siku hizi ana kadaftari ka shule anamoandika alichokula na saa tumbo lilipoanza. Daktari wa mwisho kumwona alikasoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akamuuliza swali ambalo wengine wote hawakumuuliza: “Mama, haya maumivu yalikuwepo kabla ya kule kuhara, ao yalianza nyuma yake?”