Padri akipatwa na kashfa, ubatizo wa mwanao unabaki? Maana ya ex opere operato

Kila kashfa kubwa ya Kanisa ikilipuka kuna swali linakuja haraka kuliko yote, na mara nyingi wanaouliza sio wale wanaotafuta sababu ya kuhama, ni wazazi na wanandoa. Aliyetufungisha ndoa ni huyohuyo, sasa ndoa yetu ikoje? Aliyembatiza mtoto ndo yule wa kwenye habari, tumpeleke tena?

Chukua kesi ya Theodore McCarrick wa Marekani. Padri tangu 1958, askofu mkuu wa Newark kuanzia 1986, halafu Washington na ukardinali 2001, mtu wa kualikwa kila mahali. Juni 2018 ikatangazwa kwamba tuhuma za kumnyanyasa kijana mdogo miaka mingi nyuma zimechunguzwa na zimeonekana za kuaminika, mwezi uliofuata akajiuzulu ukardinali, Februari 2019 akavuliwa upadri kabisa. Ripoti ya Vatikano ya Novemba 2020, zaidi ya kurasa 400, ikaonyesha kumbe wakubwa walishaonywa zamani, hata Kardinali John O'Connor wa New York aliandika barua ya tahadhari 1999 na bado jamaa akapandishwa. Sasa hesabu mwenyewe, miaka yote ile huyu mtu alibatiza, akatoa kipaimara, akawapa watu upadri, na hao mapadri nao wakaenda wakaungamisha na kufungisha ndoa. Kama uchafu wake unaharibu sakramenti, basi umeharibika mnyororo mzima na hakuna anayejua unaishia wapi.

Jibu la Kanisa ni kwamba hauharibu, na dhana yenyewe inaitwa ex opere operato, Kilatini, maana yake kwa tendo lenyewe lililotendwa. Yaani sakramenti ikiadhimishwa inavyotakiwa inaleta neema kwa sababu ni Kristo anayetenda ndani yake, sio kwa sababu aliyesimama pale altareni ni mtu safi. Ndo hivyo tu, ingawa watu wamepigana karne nzima kufika hapo.

Na walipigana Afrika. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano alianza kuwatesa Wakristo na kuamuru vitabu vyao vitakatifu vikabidhiwe vichomwe, kuna maaskofu na mapadri walioogopa wakavitoa. Mateso yalipoisha, Karthago, Tunisia ya leo, akawekwa askofu Caecilianus, wapinzani wakasema huyu sio askofu maana mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Aptunga, alikuwa msaliti aliyetoa vitabu. Baadaye uchunguzi ukamkuta Felix hana hatia lakini moto ulishawaka, walishaweka askofu wao, aliyemfuata akaitwa Donatus na kundi likaitwa kwa jina lake, Wadonatisti. Hao ukitoka Kanisa Katoliki kwenda kwao walikubatiza upya, kwao ubatizo wa mikono michafu ulikuwa maji tu. Na tusiwacheke, hoja yao ina mvuto sana, nani asiyetaka Kanisa la watu safi? Mtaguso wa Arles, yaani mkutano wa maaskofu huko Ufaransa ya leo, uliwakatalia 314 na hawakusikia, mpaka 411 bado walikuwa wanabishana Karthago, maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili kwenye mkutano mmoja.

Aliyewajibu vizuri ni Mtakatifu Agustino, askofu wa Hippo, Algeria ya leo. Hoja yake ni kwamba akibatiza Petro anayebatiza ni Kristo, akibatiza Yuda anayebatiza ni Kristo. Akatumia na mfano wa mfereji wa mawe, maji yanapita yanaenda kwenye shamba, mfereji wenyewe hauoti kitu lakini shamba linazaa. Watu wengi wanaishia hapo kwenye shamba na kusahau kwamba kwa Agustino yule mhudumu mwenyewe habaki salama, kiburi chake kinamweka upande wa shetani. Mtaguso wa Trento, Machi 1547, ukaliweka jambo rasmi, pamoja na kwamba hata mhudumu aliye katika dhambi ya mauti anaadhimisha sakramenti kweli, alimradi afuate yale ya msingi na awe na nia ya kutenda kile ambacho Kanisa linatenda.

Hilo la kufuata yale ya msingi ni zito kuliko watu wanavyodhani, angalia kilichotokea Phoenix, Arizona. Padri mmoja pale, hana kashfa yoyote ya maadili, waumini wanampenda, kwa miaka mingi alikuwa anabatiza kwa kusema "tunakubatiza" badala ya "nakubatiza". Vatikano ilishasema 2020 kwamba kwa maneno hayo hakuna ubatizo, jimbo Katoliki la Phoenix likatangaza Januari 2022, maelfu ya watu ikabidi watafutwe wabatizwe, maana kama ubatizo haukuwepo basi hata kipaimara kilichofuata hakikuwepo. Kwa hiyo mtu mwema akikosea maneno ubatizo haupo, na mtu mwovu akiyasema sawasawa ubatizo upo. Inaudhi kidogo, najua, lakini ukifikiri ni afadhali hivyo, kwa sababu maneno niliyasikia mwenyewe nikiwa nimesimama na mshumaa mkononi, ila moyo wa padri nitaupimaje?

Kuna sehemu lakini ambazo upadri peke yake hautoshi, hasa kitubio na ndoa. Hapo padri anahitaji pia ruhusa ya Kanisa, kwa hiyo aliyesimamishwa ukaenda kuungama kwake huku unajua amenyang'anywa ruhusa, kuna shida. Yale aliyoyafanya kabla ya kusimamishwa hayaguswi. Na hata aliyevuliwa upadri, daraja lenyewe, yaani alama ya upadri aliyopewa, halifutiki rohoni, amekatazwa kulitumia tu, ndo maana sheria ya Kanisa kanuni ya 976 inasema mtu akiwa katika hatari ya kufa padri yeyote anaweza kumwondolea dhambi, hata huyo. McCarrick alifariki Aprili 2025 akiwa bado na alama hiyo ambayo hakuruhusiwa kuitumia.

Sasa sehemu inayonikera. Hii dhana inageuzwa kuwa blanketi la kufunikia, mtu akilalamika anaambiwa wewe angalia sakramenti, usimwangalie padri, mambo ya mpakwa mafuta mwachie Mungu. Hapana jamani. Ex opere operato inaongelea usalama wa anayepokea, haisemi neno hata moja kuhusu kumlinda anayetoa. Kwamba ubatizo wake ni halali haina maana abaki paroko, wala haina maana polisi wasiitwe. Papa Francis mwaka 2019 alitoa sheria inaitwa Vos estis lux mundi, inawabana mapadri na watawa wote kuripoti unyanyasaji na hata ufichaji wake, na inawagusa mpaka maaskofu. Anayesema kuripoti ni kukosa imani ajibizane na hiyo.

Tena kuna nusu ya pili ambayo katekista huwa anaipitia mbiombio, neema ipo lakini matunda yanategemea na unavyoipokea. Kupokea Ekaristi huku una hasira na askofu sio kufuru, hasira kwa watoto walioumizwa ni hasira ya haki. Kwenye Misa yenyewe kabla ya amani padri anaomba Bwana asizitazame dhambi zetu bali imani ya Kanisa lake, na huyo anayeomba amejiweka ndani ya "zetu".

Ila kuna mtu ambaye haya yote ni maneno tu kwake, yule aliyeumizwa, au mzazi wake, akiona kanzu anatetemeka. Dhana hii haimlazimishi kupanga foleni mbele ya padri yuleyule kuthibitisha kwamba ana imani. Kanuni ya 991 inampa kila muumini uhuru wa kuungama kwa padri anayemtaka mwenye ruhusa, hata wa riti nyingine, yaani wa utaratibu mwingine wa ibada ndani ya Kanisa Katoliki, na Misa ya Jumapili ukisali parokia ya mbali umeshatimiza wajibu, hamna barua ya kuomba wala sababu ya kumweleza mwenyekiti wa jumuiya.