Vita ya Kwanza ya Dunia haikuletwa na risasi pekee

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya gumzo unadai kuwa mauaji ya mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, mjini Sarajevo, ndiyo yaliyoleta vita hiyo. Mengine eti yalifuata yenyewe kwa sababu ya mikataba ya mataifa kusaidiana vitani. Si kweli.

Mauaji yalitokea tarehe 28 Juni 1914. Austria-Hungaria, iliyoilaumu Serbia kwa mauaji hayo, ilitangaza vita dhidi yake tarehe 28 Julai. Mwezi mzima ulipita, na ndani yake viongozi walikuwa wakiamua. Tena Italia, mshirika wa Ujerumani na Austria-Hungaria tangu 1882, ilikaa kando mwaka 1914, kisha 1915 ikajiunga na upande wa pili, wa Uingereza, Ufaransa na Urusi! Mkataba haukuwa pingu. Lakini ushirika wa aina hiyo kati ya mataifa, pamoja na uhasama wa makoloni (Ujerumani na Ufaransa zilivutana vikali juu ya Moroko mwaka 1905 na 1911) na mashindano ya manowari, uliugeuza ugomvi wa mataifa mawili kuwa wa bara zima.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka: masimulizi mengi huanzia Sarajevo, nasi tukadhani cheche ndiyo kuni. Linganisha tarehe hizi katika ensaiklopidia yoyote, na ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.