H1 si kufuli la kromatini

Kila msimu wa kusahihisha mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili, sentensi ileile hurudi mezani kwangu ikiwa imebadilishwa maneno mawili matatu: "H1 hufunga kromatini na kuzima jeni." H1 ni mojawapo ya histoni, protini zinazofungasha DNA; kromatini ni DNA pamoja na protini hizo. Wapo wanaochora kabisa, nukleosomu (vifundo vya DNA iliyozungushiwa histoni) kwa safu na kila moja ina kufuli lake. Nimeandika maoni pembeni mwa kurasa hizo hadi nimechoka, kwa hiyo leo nayaweka yote mahali pamoja.

Dhana hii haikuzuka hewani. H1, yaani histoni kiungo, hukaa pale DNA inapoingia na kutoka kwenye nukleosomu. Histoni kuu nane huzungukwa na jozi za besi 147 hivi. H1 ikishika, kipande kinacholindwa hufika kama jozi 166. Kwenye chupa ya maabara, kromatini iliyoondolewa H1 hulegea na kujinyoosha, na ukiirudishia H1 hujikunja tena. Wengi husoma hadi hapo, wakafunga kitabu.

Lakini mwaka 2000 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa na Tom Misteli, yaliitazama H1 ndani ya seli hai. Waliiunganisha na protini inayong'aa kijani, wakafifisha sehemu ndogo ya kiini kwa leza, kisha wakasubiri. Mwanga ulirudi ndani ya dakika chache. Molekuli za H1 zilikuwa zikiachia na kushika upya muda wote, hata ndani ya heterokromatini (kromatini iliyosongamana), ingawa huko kwa kasi ndogo zaidi. H3 na H4, ambazo ni miongoni mwa histoni kuu, hukaa mahali pake kwa saa nyingi. Nani anaita kufuli kitu kinachojing'oa chenyewe kila baada ya dakika kadhaa? Kinachodumu ni wastani: wakati wowote ule nukleosomu nyingi zina H1, ila si molekuli ileile. Nafasi hiyo inayoachwa wazi ndiyo protini nyingine za kromatini ziitwazo HMG na vidhibiti vya unakili (kusomwa kwa jeni kutengeneza RNA) hugombania.

Na kuzima jeni? Mwaka 2005 kundi la Arthur Skoultchi lilichapisha matokeo ya seli shina za kiinitete cha panya zilizokosa jeni tatu za H1, na H1 yote ikashuka hadi nusu hivi. Kromatini ilibadilika kweli: umbali kutoka nukleosomu moja hadi nyingine ulipungua kwa takriban jozi 15 za besi. Kama dhana ingekuwa sahihi, maelfu ya jeni yangeamka. Zilizobadilika dhahiri ni 29, na kadhaa kati yake ni zile ambazo kwa kawaida hudhibitiwa na methilesheni ya DNA (alama ya kikemikali inayobandikwa kwenye DNA). Kabla ya hapo, kazi ya Martin Gorovsky kwenye Tetrahymena, kiumbe cha seli moja, mwaka 1996, ilikuwa imeonyesha kwamba kuondoa H1 hakugusi unakili kwa ujumla. Jeni chache mahususi ndizo huathirika, nyingine zikipanda na nyingine zikishuka. Iliyoshuka ilikuwa ikisaidiwa na H1. Hilo halimo kabisa katika mchoro wa kufuli.

Wapo sasa watakaorukia upande wa pili na kusema H1 haina maana. Hapana. Viinitete vya panya vilivyokosa jeni hizo tatu hufa katikati ya ujauzito. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba seli B za kinga zinazopoteza H1 hulegeza maeneo mapana ya kromatini, jeni za hatua za mwanzo za ukuaji zikaamka, na limfoma, saratani ya seli hizo, ikapata njia. Kwa hiyo andikeni hivi: H1 hupanga msongamano na nafasi za nukleosomu, na kwa kufanya hivyo hubadilisha wapi vimeng'enya vinaweza kuweka alama kama H3K27me3, ambayo hubandikwa kwenye histoni H3 na huambatana na jeni zilizozimwa. Athari kwa jeni hufuata kutoka huko, na hutegemea aina ya seli.

La nukleoli, sehemu ya kiini cha seli inakoundwa ribosomu, linaniudhi karibu sawa na hilo. Huwa naambiwa, "Pale ni kiwanda cha ribosomu, unakili ni mkubwa, H1 haina kazi." Binadamu ana rDNA, yaani jeni za RNA ya ribosomu (rRNA), kwenye mikono mifupi ya kromosomu 13, 14, 15, 21 na 22, nakala mamia kwa jumla, na seli haizitumii zote kwa wakati mmoja. Zilizo hai hufunikwa na UBF, protini inayosaidia unakili wa jeni hizo, ambayo inaweza kuitoa H1 pale iliposhika; zilizolala hubaki zimesongamana. Pembezoni mwa nukleoli kuna ukanda wa heterokromatini. Zaidi ya hayo, H1X, mojawapo ya aina za H1, hukusanyika ndani ya nukleoli katika awamu ya G1 (kabla seli haijanakili DNA yake), nukleofosmini, protini ya nukleoli, huihudumia H1 kama msindikizaji, na mwaka 2013 aina nyingine, H1.0, ilionekana kushikana na orodha ndefu ya protini za nukleoli, zikiwemo za kuandaa rRNA. Anayechunguza nukleoli bila kuitazama H1 ameacha nusu ya swali nje.

Mengine nayapitia haraka. Uzi wa kromatini wa nanomita 30, uliopendekezwa na Finch na Klug mwaka 1976, upo katika seli nyekundu za ndege, lakini picha za seli za binadamu za mwaka 2017 zilionyesha minyororo isiyo na mpangilio ya nanomita 5 hadi 24. Ufuteni kwenye slaidi zenu. Kromosomu za mitosisi nazo hujikunja hata pasipo H1, jambo lililojulikana tangu mwaka 1993 kwa kutumia kiowevu kilichotolewa ndani ya mayai ya chura. Mkia wa C wa H1, yaani mwisho wa mnyororo wa protini hiyo, hauna umbo maalumu, ndiyo, ila una kazi: mabadiliko yanayoukata mkia huo katika H1.4 husababisha ulemavu wa akili na ukuaji uliopitiliza kwa watoto.

La mwisho ni hili la kuandika "H1" kana kwamba ni protini moja. Binadamu ana aina 11, saba kati yake zikiwa katika seli za kawaida za mwili. H1.2 hadi H1.5 zinafanana mno, na kingamwili nyingi za dukani hazizitofautishi. Pendekezo lisilotaja aina nalirudisha. Na kabla ya kuniletea picha ya hadubini, jaribu kingamwili yako kwenye seli zilizoondolewa aina hiyohiyo. Kama bado zinawaka, nunua nyingine.