Kwani mie naumwa?

Hapa Mombasa mwambie muuza viazi karai anawe mikono uone, atakujibu "kwani mie naumwa?" Hii imani ya kwamba asiyeumwa hawezi kuambukiza iko tangu zamani na si kweli. Chukua taifodi, mtu anaugua anapona kabisa lakini kwa wachache vijidudu vinajificha kwenye mfuko wa nyongo vinatoka na choo miaka na miaka, yeye hana homa hana tumbo anapika zake tu. Kuna yule Mary Mallon, mpishi wa New York aliyebeba vijidudu hivyo vya taifodi bila kuumwa, akawa anaambukiza anaowapikia, 1907 watu wa afya wakamtenga kisiwani, 1910 wakamwachia akaahidi hatopika tena, 1915 akakutwa jiko la hospitali kwa jina lingine (hapo ndo ananikera), akarudishwa mpaka akafa 1938, na hakukubali kamwe kuwa ana vijidudu. Chakula kikichemka sawasawa vijidudu vinakufa, noma ni vitu vya baridi, yeye ilikuwa aiskrimu, kwetu ni kachumbari na ule ukwaju unaokamuliwa kwa mkono. Kipindupindu nacho hivohivo, wengi wanaokipata hata hawaharishi ila choo chao kinabeba vijidudu siku kadhaa.