Rebecca Nurse: mtafute kupitia ndugu zake

Anayefuatilia nasaba ya mwanamke wa Marekani ya enzi za ukoloni hukwama mahali pamoja: ndoa. Akishaolewa, jina la baba yake hutoweka kwenye hati. Kwa hiyo mimi huanza na ndugu zake wa kuzaliwa. Chukua Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71 aliyenyongwa Salem, Massachusetts, tarehe 19 Julai 1692 kwa tuhuma za uchawi.

Mwaka huohuo walishtakiwa Mary Eastey, ambaye naye alinyongwa, na Sarah Cloyce. Ukisoma orodha ya washtakiwa huwezi kujua kwamba hao watatu ni wa baba mmoja, mama mmoja. Sarah ndiye mgumu zaidi, maana kabla ya kuwa Cloyce aliwahi kuolewa na mtu wa ukoo wa Bridges. Lakini Mary na Sarah walipeleka mahakamani ombi la pamoja, wakajitaja humo kuwa ni dada wawili. Kwangu maneno hayo yana uzito kuliko michoro yote ya koo inayonakiliwa mtandaoni.

Ukishapata ndugu, umempata baba: William Towne wa Topsfield, na mkewe Joanna Blessing. Hapo njia inavuka bahari hadi Great Yarmouth, Uingereza. Rejista za kanisa la Mtakatifu Nicholas zina ndoa yao, Aprili 1620, na ubatizo wa Rebecca, Februari 1620.

Mtoto kabla ya ndoa? Hapana, na tafadhali usimpake mama wa watu tope. Kwa Waingereza wa wakati ule mwaka mpya uliingia tarehe 25 Machi, mpaka 1752 ulipohamishiwa Januari. Februari ile ilikuja baada ya Aprili. Kwetu sisi ni Februari 1621, miezi kumi baada ya harusi. Tarehe za namna hiyo ziandike kwa miaka yote miwili, 1620/21, ili atakayekufuata asipotee.

Kushuka kwa watoto ni rahisi zaidi, kwa sababu ya kusikitisha. Mwaka 1710 mwanawe Samuel Nurse aliiandikia serikali ya koloni kumdaia mama yake haki, naye Isaac Eastey akamdaia mkewe Mary. Mwaka uliofuata familia zikapewa fidia, na karatasi zake zinataja warithi. Sarah alinusurika, akahamia Framingham na mumewe. Huyo usimtafute Salem.