Helmeti ya baiskeli na joto la Mtwara: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kaskazi likiingia, kati ya Novemba na Machi, ukitoka Shangani kwenda Mikindani kwa baiskeli unafika shati limeganda mgongoni. Ndiyo maana wengi huku helmeti wanaitundika kwenye usukani. Ukiuliza kuhusu helmeti na joto, utasikia mengi, na karibu yote hayana mashiko.

"Yenye matundu mengi ndiyo yenye hewa"

Hii ndiyo inayowapoteza wanunuzi kuliko zote. Muuzaji anakuhesabia matundu: hii kumi na mbili, ile ishirini na tano, basi chukua hii. Lakini tundu peke yake halipozi kichwa. Jasho linapoza pale linapokauka, na kwa unyevu wetu wa pwani halikauki mpaka hewa ipite juu yake na kuondoka. Kwa hiyo helmeti inahitaji mlango wa kuingilia upepo mbele, njia juu ya kichwa, na mlango wa kutokea nyuma.

Ukiwa dukani, igeuze uitazame ndani. Utaona ile nyeupe nyepesi, ndugu yake ile inayokuja kwenye katoni ya televisheni, povu gumu linaloitwa polistairini. Helmeti nzuri imechongwa mifereji mirefu inayounganisha matundu ya mbele na ya nyuma. Pitisha kidole kuanzia kwenye paji kuelekea kisogoni. Kikigota ukutani, au sponji limeziba tundu lenyewe, hesabu ya muuzaji haina kazi. Nyingine zina mabonde yaliyopakwa rangi nyeusi ambayo kwa mbali yanaonekana matundu. Imulike kwa tochi ya simu, uongo utaonekana palepale. Tazama pia sehemu ya paji: ikiacha upenyo kidogo kati ya ngozi na ukingo, upepo unapata pa kuingilia.

"Ile wanayovaa wa mashindano ndiyo ya baridi zaidi"

Inategemea wewe unakwenda spidi gani. Baadhi ya helmeti za mashindano zimefungwa sehemu kubwa ili zikate upepo. Matundu yake machache yanatosha kwa mtu anayekwenda kilomita 40 kwa saa. Wewe unayepanda kilima kuelekea Newala umebeba dumu la maji nyuma, huna spidi hiyo. Unahitaji matundu mapana mbele, yanayopokea hata upepo mdogo.

Kuna na jambo la kusi. Likikusukuma mgongoni, na spidi yako ikakaribiana na ya upepo, hewa inayogusa uso karibu inakwisha. Hapo hata helmeti ya bei mbaya utaiona tanuri. Usiilaumu, ukigeuza njia utaisikia inavyopumua.

"Matundu yanaipunguzia nguvu"

Helmeti yenye nembo ya kiwango cha usalama, EN 1078 cha Ulaya au CPSC cha Marekani, imepita jaribio la kiwango hicho, iwe na matundu sita au thelathini. Kwa EN 1078 inaangushwa ikiwa na kichwa cha bandia ndani, ikigonga chuma bapa kwa mita 5.42 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu hivi. Mtengenezaji anayetaka matundu makubwa hulazimika kushindilia povu zaidi au kulitia mifupa kwa ndani. Ndipo bei inapopanda: unalipia wepesi na hewa, si lazima ulinzi zaidi. Isiyo na nembo yoyote, mimi siichukui hata kwa bure.

"Ukiona joto, irudishe nyuma kidogo"

Wapo wanaoisukuma hadi utosini kama baraghashia ya Idi. Paji linapata upepo, kweli, na ndilo linaloweza kutangulia kugonga lami. Helmeti ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda wa kidevu uache nafasi ya kidole kimoja au viwili tu.

Na baraghashia yenyewe ndani ya helmeti? Hapana, inaziba mifereji na kuiinua helmeti kichwani. Kitambaa chepesi kinachofyonza jasho hakina shida. Dada anayevaa hijabu achague nyepesi isiyo na mkunjo mnene utosini, kisha aijaribu helmeti akiwa amekwisha jifunga.

Rangi nyeusi kuchoma kichwa? Ganda litapata moto, lakini povu lililo chini yake halipitishi joto kirahisi. Tazama mifereji kwanza. Nyeupe ina faida nyingine, inaonekana jioni na madereva wa malori.

"Chumvi ya jasho ing'oe kwa petroli"

Usithubutu. Petroli na tina (ile ya kuzimulia rangi) huyeyusha polistairini, na uharibifu unaweza kuwa chini ya ganda usiuone. Maji ya kawaida na sabuni ya kuogea vinatosha. Vitoe vile visponji uvifue peke yake, maana ndivyo vinavyonuka, kisha anika kivulini. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani.

Ya mtumba usiichukue kwa kuwa haina mikwaruzo. Povu likishapondwa mara moja halirudi, na ganda linaweza kubaki linang'aa. Ndani huwa kuna kibandiko cha tarehe ya kutengenezwa. Kikiwa kimebanduliwa, mwache muuzaji na mzigo wake.