Mbwa Akijiburura Makalio, Si Lazima Iwe Minyoo

Hapa Nakuru, mbwa akiketi na kujiburura makalio uani, jirani atakwambia papo hapo: "Huyo ana minyoo." Mwenye mbwa anakimbia agroveti, ananunua vidonge, na wiki ijayo mbwa bado anajiburura.

Kweli, tegu, aina ya minyoo ya tumboni, wanaweza kumwasha, na huenda ukaona vipande kama punje za mchele kwenye kinyesi au manyoya ya mkia. Lakini mara nyingi shida ni vifuko viwili vidogo vilivyo kushoto na kulia kwa tundu la haja kubwa. Mbwa anapojisaidia, vifuko hivyo hukamuliwa na kutoa majimaji yenye harufu kali ya samaki. Kinyesi kikiwa laini mno, au mbwa akiwa mnene au ana mzio wa ngozi, huenda visikamuliwe vizuri; majimaji huwa mazito na kuziba.

Mtazame: anajilamba bila kukoma, analia akienda haja. Ukiona uvimbe mwekundu kando ya tundu, damu au usaha, huenda ni jipu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usilikamue mwenyewe. Anaumia sana, jamani. Na vifuko vizima viache. Kuvikamuakamua bila sababu huvichokoza.